Dawa ya Macho Yasiyouma

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Kabla sijagawa cha kugawa, nataka mjue jambo lililonishinda maisha yangu yote. Mimi na dada yangu, mama yenu mkubwa, tulizaliwa tumbo moja, tukalala kitanda kimoja, tukafutwa tongotongo kila asubuhi kwa upindo ule ule wa nguo ya mama yetu. Lakini yeye ameingia kaburini akiwa bado anatunga uzi kwenye sindano, nami sijaona uso wa mjukuu wangu hata mmoja. Nimewauliza madaktari, nimewauliza wazee, kila mmoja amenipa nusu ya jibu. Vikope, ugonjwa huu wa macho, viliingia nyumba moja, vikachagua. Vilichaguaje, sijui, na sasa sitajua tena.

Msimlaumu bibi yenu. Alikuwa na watoto wengi na maji ya kubeba kichwani, na alipomaliza kumfuta mgonjwa alimfuta na mzima, kwa mapenzi yale yale, kwa nguo ile ile. Nani alimwambia? Mkono uliotulea ndio uliotuambukiza, na mkono huo ningeubusu hata leo.

Macho yangu yaliwasha, yakapoa, yakawasha tena, yakapoa, nikadhani nimepona, kumbe kovu linakaza ndani ya kope kidogo kidogo, hata nilipokuwa nawanyonyesha nyinyi nywele za kope zikageukia ndani, na kila nikipepesa zinakwangua jicho kama mchanga. Baba yenu, fundi saa, aliniketisha dirishani penye mwanga, akavaa lenzi yake, akazing'oa moja moja kwa kibano chake cha kazi. "Tulia basi," ananiambia, "saa za watu hazinisumbui hivi." Namjibu, "Saa za watu hazikupikii." Tulikuwa tukicheka huku machozi yananitoka. Nywele ziliota tena, na wapasuaji walipofika huku kwetu weupe ulikwisha kutanda machoni mwangu.

Sasa mgawanyo. Nyumba ni yenu wawili. Haiuzwi, wala isikatwe kwa ukuta. Wewe kaka mtu, meza ya baba yako na vyombo vyake ulishavirithi kwa mikono kabla sijavitaja. Wewe binti yangu, chumba hiki na kabati ni vyako. Bomba la uani halina mwenyewe: mtoto yeyote wa mtaa huu anawe uso pale, asiulizwe ni wa nani. Na kila mjukuu wangu awe na kitambaa chake.

Lililobaki ndilo zito. Tangu wagawaji wa dawa ya vikope wapite mara ya mwisho, nyinyi hamli sahani moja. Msidhani sijui, kipofu si kiziwi. Dada mtu, wewe ndiye uliyekuwa unagawa. Ukamkuta mtoto wa kaka yako anacheza uani, ukamsimamisha kwenye fimbo ya kupimia kimo, maana dawa hutolewa kwa urefu wa mtu, ukamnywesha dawa bila kumuuliza baba yake, na mtoto hajatia kitu tumboni. Akatapika. Kaka mtu ukaja juu: "Umempa mwanangu dawa ya ugonjwa asio nao." Naye akakujibu, "Nikuombe ruhusa wewe nani, waziri wa afya?" Ukaapa kwamba dawa ile haitavuka tena kizingiti chako, na kwa kuwa mtaa mzima hupita kwako kutengenezewa saa, seremala naye akakataa, na majirani wengine wakamfuata.

Binti yangu, mtoto ana baba, ulipaswa kuuliza. Na wewe, mwanangu, hofu yako ni ya mzazi, siicheki. Ni kweli macho ya mtoto hayaumi. Hata yangu hayakuwa yakiuma katikati ya ugonjwa na ugonjwa. Dawa hii wanapewa wote, mgonjwa na mzima, kwa sababu hakuna ajuaye vikope vimekaa kwa nani. Ukiruka nyumba moja vitajibanza humo humo, kisha virudi kwa jirani. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema lolote juu ya asiyejua kama anayo. Huyo ndiye aliyekuwa mimi.

Dada yako amekuja na fimbo yake, nimeigusa alipoingia. Sikuamuru, wewe ndiye baba. Nakuomba tu uamue nikiwa nasikia.

Nipeni maji... Basi, yanatosha.

Nani ameinuka? Mke mwenzangu, ni wewe? Umekula? Vizuri, mjukuu wangu, simama wima, visigino viguse ukuta. Mnacheka nini? Baba yake amevaa lenzi ya saa kusomea fimbo? Mwacheni asome. Mwanangu, ukisoma alama mwambie dada yako, yeye apime, wewe umnyweshe. Polepole, asipaliwe.

Amemeza. Nimesikia.

Rudia, baba, sikukusikia... Utakwenda na dada yako? Milango yote iliyofungwa kwa ajili yako? Basi hilo umeliamua wewe, si mimi, na mtu asiseme kwamba mama alikulazimisha akiwa kitandani.

Nikifa mnizike kando ya baba yenu, mapema, bila makuu. Leteni vichwa vyenu niviguse. Huyu... na huyu. Mungu awape macho ya kuonana nyinyi kwa nyinyi, awape riziki isiyowatenganisha, na kizazi chenu kizeeke kikiona. Radhi zangu mnazo, zote, sikubakiza. Nendeni sasa, kabla watu hawajatoka majumbani mwao.

Mkwe wangu, mama yake mtoto, wewe kaa nami. Fungua dirisha... Wamefika wapi? Kwa seremala. Nani kati yao anabisha hodi?

Mumeo. Haya.