Mlango wa Namba Kumi na Nne

Ndugu waombolezaji, majirani wa zamani na majirani wa sasa, tunayemzika leo alizaliwa tarehe 12 Machi 1956, mtoto wa pili wa mfagiaji wa ofisi na mfua nguo, katika nyumba namba kumi na nne ya majengo ya manispaa yaliyokuwa katikati ya mji, nyuma ya posta, majengo ambayo baadhi yenu mlizaliwa humo na ambayo leo hayapo.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara kuanzia mwaka 1963 hadi 1970, kisha akajiunga na shule ya ufundi, akahitimu useremala mwezi Novemba 1973, na tarehe 4 Februari 1974 akaajiriwa katika karakana ya manispaa, ambako alifanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, na katika miaka hiyo yote kazi aliyojivunia ni ya mwaka 1982, alipotengeneza na kupachika milango tisini na sita ya majengo yale kwa mkono wake, akawa akipita ngazini anaisukuma mmoja mmoja kwa kidole kuhakikisha haikwarui sakafu.

Mwaka 1989 aliitwa namba thelathini na moja kurekebisha mlango wa mshonaji mmoja, akaurekebisha, akarudi wiki iliyofuata kuukagua, akarudi tena, mpaka mshonaji akamwambia, "Fundi, mlango ni mzima, sema kilichokuleta," naye akasema, wakafunga ndoa tarehe 15 Septemba 1990, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza 1992, wa pili 1996, na wa mwisho, anayewasomea sasa, 2002. Mama yetu alitangulia tarehe 20 Januari 2015.

Mwaka 2016 manispaa ilitangaza kwamba majengo yatabomolewa na kujengwa upya kwa fedha za umma, yaani kodi zenu mlioketi hapa, na kwamba wapangaji wa zamani watarudi humo humo kwa kodi ya pango ile ile, na marehemu, akiwa mwenyekiti wa wapangaji, aliletewa mkataba wa kurasa kumi na mbili pamoja na michoro, akaiweka michoro mezani, akaipima chumba kwa chumba kwa rula, akagundua jiko limepunguzwa sentimita ishirini, akapigania sentimita hizo vikao vitatu mpaka zikarudishwa, na watu wakampigia makofi. Yale maandishi alisomewa na binti yake wa mwisho, na kila alipofika penye maneno mazito ya kisheria marehemu alimwambia, "Hayo ruka, mwanangu, nisomee vipimo." Hivyo ndivyo ukurasa wa tisa ulivyorukwa.

Aliyekataa kusaini alikuwa mmoja tu, jirani wa namba kumi na tano, tunayemwita sote Bibi Redio kwa kuwa habari haijawahi kumpita, na yupo hapa mstari wa mbele. Alimwambia, "Wewe Fundi, mimi nikitoka humu nitarudi kwa miguu ya nani?" Marehemu akamjibu, "Kwa yako, dada, na mlango wako nitakupachikia mimi." Bibi akasaini, wakasaini wote, tarehe 9 Agosti 2017, na tarehe 28 Februari 2018, siku ya kuhama, marehemu alifungua bawaba za milango miwili, namba kumi na nne na namba kumi na tano, akaipakia kwenye lori juu ya vitanda, akaja nayo huku pembezoni kwenye vyumba vya kupanga, ambako waliambiwa watakaa miezi thelathini.

Jengo jipya lilifunguliwa tarehe 14 Novemba 2021, lina maduka, maegesho na nyumba za kuuza, na marehemu alikwenda amevaa suti yake ya harusi na futi ya kupimia mfukoni, mlinzi akamuuliza yeye ni mgeni wa nani, kisha akaja afisa wa mradi, kijana mwenye adabu, akamfungulia ukurasa wa tisa, akasema, "Mzee wangu, hapa pameandikwa, nyumba za wapangaji ni awamu ya pili, fedha zikipatikana, na hazijapatikana." Marehemu aliusukuma kwa kidole mlango mkubwa wa kioo, akasema, "Unakwarua," akaondoka.

Tangu siku hiyo, kila Jumanne alikwenda kuketi benchi la wananchi katika kikao cha kamati ya fedha ya manispaa, akisikiliza kama awamu ya pili itatajwa, na kila Jumanne alirudi akipitia mlangoni kwa Bibi Redio kumwambia haijatajwa, na katika mizunguko yake yote hiyo ndiyo safari aliyoiogopa, ingawa Bibi hakumlaumu hata mara moja.

Aliugua mapafu, ugonjwa uliothibitishwa tarehe 6 Mei 2023, na wiki yake ya mwisho wodini aliomba asomewe ukurasa wa tisa, polepole, bila kuruka, akisema, "Soma tena." Alifariki Alhamisi, tarehe 13 Juni 2024, siku mbili baada ya Jumanne ya kwanza aliyokosa. Tumeombwa tusiyaseme haya msibani, na hatusemi mradi ndio uliomuua, daktari ameandika mapafu, tunasema tu kwamba miezi thelathini iliisha zamani na yeye alikuwa bado anangoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuazima viti, na wenzake wa karakana waliolitengeneza jeneza hili, ambalo kifuniko chake hakikwarui. Tunaishukuru pia manispaa kwa shada kubwa la maua, limebaki uani kwa kuwa ndani halikuenea, chumba ni mita tatu kwa tatu na nusu, alikipima mwenyewe, na nafasi iliyopo imeshikwa na milango miwili.

Bibi Redio ameomba Jumanne hii asaidiwe kupanda ngazi za manispaa, aketi pale alipokuwa akiketi marehemu, na binti ataketi kando yake, na mkataba wote. Pumzika kwa amani, Baba, safari hii haturuki kitu.