Shahidi wa Bwana Eliona

Ijumaa ya tarehe 30 Juni 2006, saa tisa na nusu alasiri, Bwana Eliona Swai wa maabara ya patholojia atavua koti jeupe alilolivaa kazini kwa miaka thelathini na minne. Chini ya koti hilo kuna sweta la kijani. Kama nalo litavuliwa, hatujui, maana hakuna mtumishi wa hospitali hii aliyewahi kuona kilicho chini yake. Yeye huteremka kutoka Machame alfajiri na baridi yake, na jua la Moshi mjini, hata liwe la Januari, halijapata kumshawishi.

Alianza mwaka 1972 akiwa mhudumu wa kuosha chupa. Akaosha kwa bidii hadi wakubwa wakaona huyu akiachwa hapo ataimaliza sabuni yote, wakampeleka masomoni. Alirudi na cheti, na tangu hapo kila kinyama kilichokatwa kutoka kwenye uvimbe wa mgonjwa yeyote hapa kimepitia mikononi mwake. Hukitoa kwenye fomalini, ile dawa ya kukihifadhi kisioze, hukizamisha ndani ya nta iliyoyeyushwa hadi kiwe kitofali kidogo kigumu, kisha hukikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, huvibandika juu ya slaidi na kuvitia rangi. Ndipo daktari huinama kwenye hadubini na kusema ni saratani au siyo. Daktari hupata sifa, Eliona hupata madoa ya zambarau vidoleni.

Wenzetu vijana hawaikumbuki miaka ile ya katikati ya themanini, ambapo sabuni ilikuwa habari na betri ilikuwa muujiza. Saa ya maabara ilikufa mwaka 1987, ikabaki ukutani kama picha. Rangi za slaidi haziwezi kukisiwa, zinataka dakika kamili. Bwana Eliona, ambaye huimba besi katika kwaya ya usharika wake, akaamua kupima kwa nyimbo: rangi ya kwanza beti tano, kusuuza beti moja, rangi ya pili beti mbili na kiitikio. Kazi ikaenda vizuri isipokuwa wakati wa Kwaresima, nyimbo zilipokuwa za taratibu na slaidi zikatoka na rangi nzito hadi madaktari wakalalamika. Waislamu wa idara yetu wanazijua beti zote. Mimi niliyeajiriwa mwaka 1994 nilidhani kuimba ni sehemu ya masharti ya kazi. Siku ya Mei Mosi 2001 alipochaguliwa mfanyakazi bora, uongozi ulimzawadia saa ya ukutani, bila shaka kwa makusudi. Aliipima kwa wimbo wa beti tano na kutangaza kwamba inakimbia.

Lakini la nyimbo ni la kucheka. Lipo lingine ambalo wengi mnalisikia nusunusu, tena kutoka kwa Dkt. Primus Massawe, mkuu wetu wa patholojia, ambaye kila akilisimulia yeye ndiye anakuwa shujaa. Naliandika lilivyokuwa.

Mwaka 1998, wakati maduka ya Moshi yameshajaa vitu hadi vinaning'inia nje ya milango, maabara yetu nayo ilipata kitu kipya: kingamwili, yaani dawa za kutia kwenye slaidi ili kutafuta kiashiria cha saratani ya matiti. Baadhi ya uvimbe wa matiti hubeba protini iitwayo kipokezi cha homoni. Uvimbe wa namna hiyo hustawi kwa homoni za mwili, na ukinyimwa homoni husinyaa. Mgonjwa mwenye protini hiyo ana matumaini zaidi, na kuna vidonge vya kumeza kila siku akiwa kwake nyumbani. Asiye nayo, vidonge hivyo havimsaidii, inabidi aende Dar es Salaam kutiwa dripu kali kwa miezi. Kwenye slaidi jambo lenyewe ni jepesi kusoma: protini ikiwepo, viini vya seli hugeuka kahawia. Isipokuwepo, hubaki buluu.

Kwa miezi mitatu tukapata buluu. Wagonjwa thelathini na wanne, wote buluu. Slaidi ya majaribio iliyokuja na dawa kutoka ng'ambo, ile ya kuthibitisha kwamba rangi inafanya kazi, ilitoka kahawia safi kila mara, kwa hiyo hatukuwa na la kujiuliza. Dkt. Primus alikwishaanza kuandika makala ya kitaalamu kueleza kwamba wanawake wa mlimani hawana protini hiyo.

Bwana Eliona peke yake alikataa. Alisema shahidi wa ugenini hawezi kutoa ushahidi wa mambo ya Kibosho. Kinyama cha ng'ambo, alieleza, kimelowekwa katika fomalini siku moja. Chetu hukatwa kwenye hospitali ndogo huko juu, masika yakiwa yameshageuza barabara kuwa matope, na hufika hapa kikiwa kimekaa kwenye fomalini wiki mbili. Alitaka shahidi wa kwetu, aliyepitia taabu zilezile.

Akaingia stoo ya vitofali vya zamani na kutoka na kimoja cha mwaka 1989, namba 214. Alituambia mwanamke aliyekatwa kinyama hicho aliondolewa ovari, yaani alinyimwa homoni, na uvimbe wake ukasinyaa kwa zaidi ya mwaka. Uvimbe uliotii namna ile lazima ulikuwa na protini. Kwa hiyo slaidi yake ikitoka buluu, mwongo ni rangi yetu. Hakusema ameyajuaje yote hayo, nasi hatukuuliza, kwa kuwa tulizoea kwamba anajua mambo.

Ikatoka buluu.

Wiki hiyohiyo yalikuwa yameandikwa majibu ya Mwalimu Yuditha, wa shule ya msingi huko Kibosho, mjane mwenye watoto wanne. Alikwisha kumwambia daktari wa upasuaji kwamba Dar es Salaam hatakwenda, hana wa kumwachia watoto, na kama dawa iko huko tu basi atarudi darasani afundishe hadi siku zake zitakapoisha. Majibu yalisema hana protini. Yalibaki kutiwa saini na kupelekwa. Bwana Eliona, ambaye hajawahi kuchukua hata kiberiti cha hospitali, aliyachukua na kuyatia kwenye mfuko wa sweta. Yakakaa humo siku tisa. Dkt. Primus aliitafuta karatasi hiyo chini ya meza na ndani ya jokofu. Alipoambiwa iko wapi alichachamaa, akaahidi kumwandikia barua ya onyo. Bwana Eliona alimjibu kwa heshima kwamba barua ataipokea, lakini karatasi haitoki.

Siku hizo tisa alizitumia kuchemsha. Kabla ya kutiwa rangi slaidi huchemshwa, ili kilichofungwa na fomalini kifunguke, na yeye alikuwa na hoja ya jikoni. Chakula chake cha mchana, tunaomjua tunajua, ni kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, siku tano kwa wiki. Alisema maharage mapya huiva upesi, lakini ya msimu wa juzi utayachemsha hadi kuni ziishe na bado yatalia menoni. Kinyama kilichokaa fomalini wiki mbili ni maharage ya msimu wa juzi. Akachemsha dakika ishirini, arobaini, saa nzima. Akaunguza sufuria tatu. Alipokwenda kununua ya nne katika duka la vyombo la Bwana Navin, mkewe, Mama Bhavna, alimuuliza Eliona kwamba mke wake anapika nini nyumbani kinachoua sufuria namna hii. Akamweleza. Mama Bhavna akaingia ndani na kutoka na sufuria lake la presha, lile la mfuniko wa kukaza na filimbi juu, analopikia dengu. Akasema apeleke, alirudishe Jumamosi.

Filimbi ililia mara tatu. Slaidi ya namba 214 ikatoka kahawia. Ya Mwalimu Yuditha ikatoka kahawia. Dkt. Primus aliangalia kwa muda mrefu, akaichana barua ya onyo, halafu, na hili nalisema kwa heshima yake, akaichana na makala yake pia.

Tulirudia wote thelathini na wanne. Kumi na tisa waligeuka. Kumi na sita kati yao walianza vidonge mwezi huohuo, na watatu majibu yaliwakuta wameshafariki. Bwana Eliona aliandika majina ya hao watatu kwenye jalada la daftari la maabara kwa mkono wake, na kila daftari jipya linapofunguliwa huyanakili. Ndiyo sababu, ninyi mliogombezwa kwa kuchelewesha sampuli, mligombezwa vile.

Tangu hapo hakuna slaidi ya mgonjwa iliyotiwa rangi bila kipande cha namba 214 pembeni yake. Tukakiita shahidi. Wenzetu wa Arusha na Mwanza wamekuja kujifunza utaratibu huo, na wamerudi kwao wakitafuta sufuria za presha. La Mama Bhavna halijarudi hadi leo. Alishasema halitaki tena kwa dengu zake, akanunua jingine. Badala yake mwaka 2003 alituletea binti yake, Khyati, aliyemaliza masomo ya maabara, kwa hiyo familia ile ilianza kwa kutuazima sufuria ikaishia kutuazima mtoto.

Sasa lile tunalomcheka zaidi. Kila asubuhi, kabla ya kukata shahidi, Bwana Eliona husema kwa sauti ndogo: shikamoo. Kwa miaka minane tumebishana kama anaiamkia hadubini au kisu. Mimi mwenyewe nimemwigiza kwenye sherehe mbili za mwisho wa mwaka, nikavaa hadi sweta, na alicheka pamoja nasi.

Mwezi Aprili mwaka huu kitofali namba 214 kiliisha. Kipande cha mwisho kilikuwa chembamba kuliko vyote, nikatumwa kwenye rejista ya 1989 kufunga kumbukumbu zake. Niliisoma mara mbili: Eunike Swai, miaka 47, Machame. Ni dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni na kumpeleka shule siku ya kwanza. Alifariki mwaka 1991. Nilipomuuliza, Bwana Eliona alisema kwamba mwaka 1998 alikwenda kwanza kwa mume wa marehemu na watoto kuomba ruhusa. Wakakubali kwa sharti moja, asimkate dada yake bila kumwamkia. Nimeona aibu kwa maigizo yangu, na hapa mbele ya wote naomba radhi. Ruhusa ya kuyaandika haya ametoa yeye, akasema ila sweta nisilitaje.

Shahidi mpya amepatikana. Mwalimu Yuditha, ambaye vidonge alivimaliza mwaka 2003 na bado anasahihisha madaftari Kibosho, ameandika barua kukubali kwamba kitofali chake kitumike. Khyati, atakayekaa kwenye kiti cha Bwana Eliona, amenong'ona akiuliza kama naye itabidi aamkie, kwa kuwa Mwalimu ni mkubwa kwake. Swali lilimfikia Mwalimu mwenyewe, akajibu kwamba yeye shikamoo anazipata za kutosha darasani, anachotaka ni majibu ya watu yasicheleweshwe.

Asante, Bwana Eliona, kwa kutokubali. Panda Machame kwa amani, ng'ombe wakupe maziwa, migomba ikuzalie, na ile saa iendelee kukimbia bila wewe kukimbia nayo. Mwalimu atatusamehe, lakini Jumatatu asubuhi, kabla ya kisu kugusa nta, tutaamkia.

Kindness Lema, kwa niaba ya maabara ya patholojia