Nyutoni Themanini za Mashine

Benchi letu limeegemea ukuta kati ya bucha na kibanda changu cha kushona viatu. Ng'ambo ya barabara kuna duka la kunyolea, na mlango wake haujafunguliwa tangu mwenyewe, kinyozi tunayemwita Mashine, apatwe na kiharusi kikamlegeza mkono wa kulia. Mama Birika anatuuzia kahawa, sisi tunagawa maneno bure. Asubuhi hiyo walikuwepo Spana, fundi wa magari mwenye viganja kama koleo. Mfupa, mwenye bucha, aliyepewa jina hilo kutokana na kile anachokufungia ukiomba nyama. Na Profesa, aliyefeli fizikia shuleni na mpaka leo hajayakubali matokeo. Mashine akaja taratibu kutoka kliniki ya viungo, akajibwaga katikati yetu, Mama Birika akampa kikombe.

— Leo wamenipima mkono, akasema. Nimepewa kidude cha chuma, nikaambiwa bana. Nikabana mpaka nikaona nyota. Dada mpimaji akasoma kioo chake, akasema "nyutoni themanini", akaita mgonjwa mwingine.

— Themanini! Spana akampiga begani, kahawa ikamruka. Hongera, bwana! Umefaulu!

— Kati ya ngapi?

— Kati ya mia. Kila kitu duniani ni kati ya mia.

— Una hakika?

— Sina. Lakini hongera.

Ukiuliza kitu kwenye benchi letu lazima ujibiwe, hasa pale ambapo hakuna anayejua.

— Nyutoni ziko kwenye damu, akasema Mfupa. Kama vitamini. Zikipungua, unakunywa supu ya mifupa.

— Na mifupa unayo wewe, nikamwambia.

— Mimi nimetaja dawa tu. Sijamtaja muuzaji.

Profesa akaweka kikombe chini na kukohoa. Profesa akikohoa, ujue shule imefunguliwa.

— Mnatia aibu. Nyutoni ni kipimo cha kani.

— Kano? akauliza Mfupa.

— Kani! Nguvu ya kusukuma au kuvuta. Shika gramu mia za sukari kiganjani. Ule uzito unaouhisi ni kama nyutoni moja. Jina ni la mzungu mmoja wa zamani, aliyejiuliza kwa nini tunda huanguka chini.

— Tunda likaanguka, yeye akapewa kipimo? Spana akaruka. Mimi nimeangukiwa na injini nzima, sijapewa hata pole!

— Wewe uliuliza kwa nini imeanguka?

— Niliuliza nani kafungua nati.

Tukacheka wote isipokuwa Mashine. Alikuwa anakunja na kukunjua vidole vyake, polepole, kama mtu anayejaribu glavu isiyo yake.

— Kwa hiyo themanini ni kama kilo nane, akasema.

— Hapa duniani, akajibu Profesa. Ukienda mwezini...

— Mwezini kuna mtu wa kunyoa?

Profesa akarudi kwenye kahawa yake. Hapo Mfupa akapata wazo, na mawazo ya Mfupa huwa yanaacha damu sakafuni. Akaingia buchani, akatoka na ile mizani yake yenye uso kama wa saa, ya kuning'iniza, akaitundika kwenye nondo ya dirisha.

— Tuache maneno. Mashine, vuta.

Mashine akashika ndoano, akavuta. Mshipa ukamtoka shingoni. Mshale ukasogea, ukatetemeka, ukasimama karibu na nane.

— Nane! akapiga kelele Profesa. Mara kumi, themanini! Sayansi hiyo!

Kidogo tumbebe mabegani. Mama Birika akamwongezea kahawa. Mambo yangeishia hapo, tungerudi nyumbani na furaha yetu. Lakini Spana ni Spana. Akanyanyuka.

— Hebu na mimi.

— Kaa chini, nikasema.

Hakukaa. Akavuta kwa mkono mmoja, kikombe kikiwa mkononi mwingine. Mshale ukakimbia, ukapita ishirini, ukapita thelathini, ukagonga mwisho, ting. Spana akaangalia mshale, akamwangalia Mashine, ndipo akili yake ikafika, imechelewa kama kawaida. Akaiachia ndoano kama imemuunguza.

Mashine akaurudisha mkono wake mapajani, akaufunika kwa ule mzima.

— Mizani mbovu, akasema Mfupa ghafla.

Tukageuka. Huyu ndiye mtu aliyetuapia miaka yote, kwa jina la mama yake, kwamba mizani yake ni ya haki.

— Mbovu kabisa, akaendelea, jasho likimtoka. Inadanganya. Mnajua wenyewe.

— Lakini inadanganya kwa kuzidisha, akasema Profesa. Maana yake Mashine ana chini ya...

— Inazidisha kwa nyama! Kwa mgonjwa inapunguza!

Mama Birika akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha Mashine naye akaanza, kidogo kidogo, mabega yakimtikisika.

— Mfupa, ndugu yangu, akasema akifuta macho. Kumbe lazima mtu apooze ndipo useme kweli?

— Usizoee.

— Sikilizeni. Nilipotoka hospitali, mke wangu alikuwa ananilisha kwa kijiko. Leo nimeshika ndoano. Hizi themanini, ziwe nyingi, ziwe chache, ni zangu.

Spana akamsogezea kikombe chake mwenyewe, bila kusema pole. Pole hajui kuisema.

Wakati huo akaja mtu na sanduku la safari, nywele zimemfunika masikio, ndevu zimegeuka kichaka. Alikuwa mteja wa Mashine wa siku nyingi, aliyekwenda kazini mbali na wala hakuwa na habari. Akautazama mlango wa duka, akavuka kuja kwetu.

— Mashine! Nimejizuia kunyolewa muda wote huo, wenyeji huko wamenicheka. Mbona pamefungwa? Unafungua lini?

Profesa akachungulia ndani ya kikombe. Mfupa akaanza kuitundua mizani. Mimi nikatafuta sindano ambayo haikuwa imepotea. Mama Birika akainamisha birika, likatoa tone moja.

— Imekwisha, akasema.

Mashine akaunyanyua mkono wake wa kulia, akauangalia, mtu yule naye akauangalia. Nikaona yule mteja anaelewa. Akalaza sanduku chini.

— Basi nitasubiri, akasema. Kichwa changu sikipeleki kwa mwingine.

Tukasogea, akakaa.