Kazi au Starehe: Maisha ya Marehemu Dada Yetu, Mstari

Marehemu dada yetu, ambaye nyumbani, kazini na hata wodini alijulikana kwa jina la Mstari, alizaliwa tarehe 3 Septemba 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali alichokuwa akifanya kazi baba. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Jina la Mstari hakupewa na wazazi, alijitafutia mwenyewe. Alikuwa akilala godoro moja na mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, na akiwa darasa la pili alichukua chaki akapiga mstari katikati ya godoro: huku kwangu, huko kwako. Mdogo mtu akivusha hata kidole, alirudishwa bila huruma. Baridi ikizidi, alitakiwa apige hodi kwanza. Akishakaribishwa, alifunikwa shuka lote, na mwenye mpaka wake akabaki na pindo. Mama alilifua godoro lile mara kadhaa, na kila likikauka mstari ulichorwa upya.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1988 akajiunga na chuo cha upimaji ardhi. Walianza wasichana wawili. Mwenzake alihamia ualimu muhula wa kwanza, Marehemu akabaki peke yake na wavulana waliompa kubeba vigingi. Alivibeba muhula mmoja. Wa pili alivitua chini mbele ya mkufunzi na kusema yeye amekuja kupima, hakuja kubeba. Alihitimu mwaka 1991, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika ofisi ya upimaji ya mji, alikodumu maisha yake yote ya kazi.

Ni kazi hiyo iliyomletea mume. Mwaka 1993 alitumwa kumwambia fundi redio mmoja kwamba kibao cha duka lake kimeingia barabarani. Fundi alikisogeza siku hiyohiyo. Kesho yake akaonekana ofisini, amechana nywele, akiuliza kama kuna mahali pengine alipovuka mpaka. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994. Mungu akawajalia watoto wawili, binti ambaye leo ni muuguzi na kijana ambaye ni mwalimu wa hesabu. Shemeji yetu ni mtu wa masihara, Marehemu hakuwa na masihara hata kidogo, na nyumba yao ilikuwa na kelele za kupendeza.

Mwaka 2018 ofisi ilinunua droni, kidege cha kupimia ardhi kutoka juu. Vijana wa ofisini waliikimbilia, lakini aliyefaulu mtihani wa kuirusha alikuwa Marehemu, akiwa anakaribia miaka hamsini. Shemeji naye hakukubali kupitwa. Alipata droni mbovu iliyotupwa na wapiga picha wa harusi, akaifufua kwa vipuri vya redio. Basi nyumba ikawa na videge viwili juu ya meza moja, na sheria mbili.

Sheria hizo Marehemu alizieleza mezani mpaka chakula kikapoa. Anayerusha kwa starehe hakaribii nyumba za watu, hakiachi kidege kipotee machoni pake, na picha zake haziingii katika kazi ya mtu yeyote, hata kama hajalipwa kitu. Anayerusha kwa kazi anatakiwa leseni, kibali cha kila eneo, na cheti cha daktari kila mwaka.

"Lakini si videge vile vile, Mama Watoto?" Shemeji aliuliza.

"Sheria haiangalii kidege. Inaangalia ulichokiendea."

Tangu siku hiyo hakuna kidege kilichotoka mlangoni bila swali lake: "Kazi au starehe?" Hata kama Shemeji amevaa kaptura na kofia ya jua, aliulizwa, na ilibidi ajibu kwa sauti. Majirani walicheka. Watoto wa mtaa ule walikuwa wakimjibia.

Jumapili ya tarehe 20 Machi 2022, baada ya wiki mbili za mvua, Shemeji alijibu "starehe" kama kawaida, akaenda juu ya kilima penye machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Alirudi hana rangi. Alimwonyesha mkewe picha. Nyuma ya ukingo wa machimbo, ndani ya uzio ambako watu hawafiki, ardhi ilikuwa imepasuka kutoka upande hadi upande. Chini ya ukingo huo kulikuwa na mtaa mzima wa watu.

Marehemu aliikuza picha mpaka macho yakamuuma. Alimpigia simu mhandisi wa mji, mkuu wake wa kazi, nyumbani kwake. Mhandisi alisema ukingo ulikaguliwa kutoka chini mwezi uliopita na ulikuwa imara.

"Siwezi kuhamisha mtaa kwa maneno, Mama. Niletee ushahidi. Omba kibali, urushe kidege cha ofisi."

Kibali kingechukua siku kadhaa, na mawingu yalikuwa yameshafunga tena. Ushahidi ulikuwa mkononi mwake, lakini ulikuwa wa starehe. Akiupeleka kazini, mumewe anapata kesi, na leseni yake mwenyewe inaingia mashakani. Akiukalia, kuna watoto wanacheza chini ya ufa ule. Binti yake anakumbuka kwamba mama yake alizunguka meza, na kwamba alipomkaribisha chai alimtolea macho kama mtu asiyemjua. Mwisho alimgeukia mumewe.

"Nikiipeleka, utakayeharibikiwa ni wewe."

"Ipeleke," Shemeji alisema. "Mimi nitatengeneza redio."

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa mhandisi kabla mlango haujafunguliwa. Aliweka picha mezani.

"Nani kaipiga?" mhandisi aliuliza.

"Mume wangu. Kwa starehe."

"Mama, wewe ndiye uliyetufundisha sheria hii! Siwezi kuitumia."

"Usiitumie. Iangalie."

Mhandisi aliiangalia. Kisha alisimama, akavaa buti, akapanda kilima kwa miguu na watu wawili, na kabla hajashuka alikuwa ameshapiga simu kila mahali. Tunamshukuru, naye yuko nasi hapa leo.

Watu walianza kuhamishwa mvua ikinyesha. Marehemu aliingia nyumba kwa nyumba, koti la kung'aa limelowana mwilini. Wengine walimtukana, wengine walimuuliza watalala wapi, na yeye aliwaambia tu watoke. Mzee mmoja mshona viatu alikataa katakata kuacha cherehani yake. Marehemu hakubishana naye. Alivuta kiti akaketi mlangoni pake, mgongo kwenye kilima.

"Basi tukae wote, baba yangu."

Mdogo wake alikuwa barabarani akimwita kwa jina lake lote, roho mkononi, na anakiri mbele yenu kwamba alimchukia dada yake kwa dakika zile. Changarawe zilikuwa zimeanza kushuka zikigonga bati. Mzee alimtazama yule mwanamke aliyelowa kwenye kiti chake, akaguna, akashika upande mmoja wa cherehani. Marehemu alishika wa pili. Ukingo uliporomoka alasiri hiyo na kufunika safu tatu za nyumba. Hakukuwa na mtu ndani.

Kesi ilikuja Mei, kama alivyosema. Afisa wa usafiri wa anga alikuwa kijana mstaarabu, na aliyekuwepo yeyote aliona kwamba alimtafutia Shemeji mlango wa kutokea.

"Mzee, ufa uliuona kwa bahati tu, sivyo? Muda wote ulikuwa unajifurahisha?"

Kusema ndiyo kungemaliza kesi. Shemeji aligeuka kumtazama mkewe benchi la nyuma. Marehemu alikuwa anatazama ukuta. Mdogo wake aliyeketi kando aliuona mkono wa dada yake ukitetemeka juu ya mkoba.

"Nilikwenda kwa starehe," Shemeji alisema. "Nilipouona ufa, starehe iliisha. Nilikirudisha kidege juu yake mara mbili nikapiga picha. Hapo nilikuwa kazini, na leseni sina."

Alifungiwa kurusha kwa miaka miwili. Leseni ya Marehemu ilinusurika kwa kuwa hakumtuma. Nje ya jengo lile, mke aliyekuwa hashikwi mkono hadharani alimshika mumewe mkono mpaka kituoni, na walipofika hakuuachia.

Ule mkono uliotetemeka haukuwa wa hofu peke yake. Oktoba mwaka huohuo, alipokwenda kwa daktari kwa ajili ya cheti cha mwaka, Marehemu alieleza mwenyewe kuhusu kizunguzungu na ukungu katika jicho la kushoto. Angeweza kunyamaza, na daktari alimwambia hivyo baadaye. Walikuta uvimbe kichwani. Cheti hakikusainiwa, leseni ikaisha, akarudisha kidege cha ofisi kikiwa kimefutwa vumbi. Alifanyiwa upasuaji Februari 2023 na kwa miezi kadhaa tulipata matumaini.

Kwa sheria ileile, bado aliruhusiwa kurusha kwa starehe akiwa na mtu wa kumwangalizia kando. Kila aliyemkumbusha alijibiwa vibaya. "Mimi nicheze?" alisema, na kugeukia ukutani. Nyumba ile ilikuwa na mtu aliyejua kucheza akiwa amefungiwa, na mtu aliyeruhusiwa kucheza akiwa hataki. Kidege kilikaa mezani kikishika vumbi, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Ilikuwa miezi migumu, na tuliogopa ataondoka na uchungu ule.

Januari mwaka huu, asubuhi moja yenye jua, aliomba apelekwe uwanja wa wazi nyuma ya kiwanda cha zamani cha matofali. Alikalishwa kwenye kiti. Shemeji alikiweka kidege kwenye nyasi, akampa rimoti, kisha akafunga mikono yake mwenyewe mgongoni, maana kifungo chake kilikuwa hakijaisha. Ndipo alipouliza yeye, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao:

"Kazi au starehe?"

Marehemu aliinamisha kichwa juu ya rimoti. Binti alidhani amezidiwa, akapiga hatua kumsogelea.

"Starehe," alisema, na akacheka.

Kidege kilipanda. Alikizungusha juu ya nyasi, akakipandisha, akakishusha karibu na pua ya mumewe mpaka huyu akainama, naye Marehemu akacheka tena. Shemeji alimwambia apige picha ya ukumbusho.

"Sipigi. Nikipiga nitaanza kupima."

Alifariki dunia tarehe 12 Machi 2024, siku ya Jumanne, nyumbani kwake, mumewe na watoto wakiwa kando yake.

Wiki hii mpwa wetu mmoja alishauri tukodi mtu wa droni atupigie picha za mazishi kutoka juu. Shemeji alimuuliza: kazi au starehe? Tulitazamana sebuleni, hakuna aliyeweza kumjibu. Ndiyo maana leo hakuna kitu kinachoruka juu yetu.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu, kaka wawili, na mdogo wake mmoja ambaye usiku wa kuamkia leo alijikuta amelala upande wake tu wa kitanda.

Hodi, dada. Kazi umeimaliza. Sasa ni starehe, na upumzike kwa amani.