Atomu ya Ukutani

Fundi rangi alipanda basi akiwa amepakata kopo lake, na kama kawaida yake alijua kufunga kopo kuliko mdomo. Mwalimu mmoja aliyeketi jirani, mwenye rundo la madaftari ya sayansi, alimuuliza tu anakwenda wapi.

“Kuchora atomu, dada, ukutani kwenye maabara ya shule. Mara ya nne hii! Mwalimu wa kwanza alitaka mpira mgumu usiogawanyika hata kwa shoka. Wa pili akataka elektroni zimebandikwa kama zabibu kwenye keki. Wa tatu akataka kiini katikati, elektroni zizunguke kama sayari. Wa sasa anataka wingu.”

“Huyo yuko sahihi,” alisema mwalimu. “Elektroni huwezi kusema iko hapa hasa. Unakisia tu.”

“Kama mwalimu mkuu wa shule hiyo, hujui yuko wapi! Lakini hata wale watatu waliapa wako sahihi. Binti yangu kapewa sifuri kwenye mtihani kwa kunakili sayari za baba yake.”

Mwalimu aliyatazama madaftari yake. Basi liliposimama, aliinuka.

“Kaka, chora wingu,” alisema akishuka. “Ila tumia rangi inayofutika.”