Kamanthe Nzuki na Mashine Iliyojifunza Kusema Imekwama

Ijumaa, 28 Novemba 2025. Machakos imeamka na manyunyu. Leo Kamanthe Nzuki anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika hospitali yetu.

Aliingia kama mpiga chapa. Kompyuta alijifunza kwa kuzifungua, na ole wake aliyeweka chai karibu nazo. Hata daktari mkuu aliwahi kufukuzwa na kikombe chake.

Yeye ndiye aliyeandaa programu-simamizi, ile inayowaka kwanza ili mifumo ya kompyuta ya maabara, famasia na wadi ifanye kazi ndani ya mashine moja. Inapoanza haina msaidizi. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ikikataa amri wakati huo, hakuna mwingine wa kupokea hitilafu. Kwa hivyo Kamanthe aliandika kipande kidogo cha kuirudisha prosesa kwenye amri ileile, ijaribu tena.

Miaka sita iliyopita stima ilipotea, ikarudi. Prosesa ilikataa amri, ikarudishwa, ikakataa tena, bila kikomo. Skrini iliandika tu "Inaanza". Katika wadi ya wazazi, Wayua, mama kutoka Kivaa, alikuwa akivuja damu baada ya kujifungua, na kundi lake la damu lilikuwa limehifadhiwa ndani ya mashine. Muuguzi Kalunde alipiga simu.

"Kamanthe, tuchukue sampuli ya damu upya tupime kundi?"

"Ngoja kidogo tu, dada. Inaanza."

Walingoja. Wayua alifariki kabla ya adhuhuri.

Kamanthe alikwenda Kivaa mwenyewe kumweleza mumewe, Makau. Makau alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa si ingesema tu imeshindwa?"

Aliporudi alifuta kipande kile. Tangu hapo, prosesa ikikataa amri mapema hivyo, mashine husimama, huonyesha amri iliyokataliwa, na kuandika kwa herufi kubwa: IMEKWAMA. MSINGOJE. Wakubwa walilalamika kwamba maneno hayo yanatuaibisha mbele ya wageni.

"Basi tuaibike," aliwajibu, "lakini tusizike."

Mwezi uliopita ilikwama tena. Kalunde alisoma skrini, hakumpigia mtu simu, akachukua sindano na kutoa sampuli ya damu upya. Mgonjwa wake, mama mmoja wa Mitaboni, alirudi nyumbani na mtoto wake. Tulipompongeza Kamanthe, alitoka chumbani. Baadaye aliomba jina la Wayua liandikwe katika wasifu huu, la sivyo usisomwe.

Asante, dada yetu. Huko Masii unakokwenda, tunakutakia usingizi mrefu usiokatizwa na simu ya kazi.