Nyumba Yangu kwa Jina la Marehemu

Bwana asifiwe! Kanisa la hapa mjini Baraka, itikieni kwa nguvu, maana kama si Mungu leo ningekuwa nalia. Bwana asifiwe tena!

Ndugu zangu, wengi mnanijua, Mama Riziki wa vitenge pale sokoni. Miaka mingi nimevuka ziwa kwenda Kigoma kuchukua mali. Kule niliona wazungu wanaokuja kutazama sokwe wakitafuta pa kulala kando ya maji. Nikamwambia Baba Riziki tuuze shamba letu la Kilembwe, tununue nyumba kule, tupokee watalii. Hali ya kwetu mnaijua, kila mara vita, kila mara kukimbia. Nilitaka watoto wawe na kitu ambacho hawatakikimbia.

Nyumba tukaipata, ina baraza inayotazama ziwa. Lakini sheria ya kule haimpi mgeni ardhi hivi hivi; mwekezaji kutoka nje ana njia yake, nayo ni ndefu. Wilondja, mtoto wa mjomba wangu, aliyezaliwa Kigoma na ni raia wa kule, akacheka. "Dada, mimi si damu yako? Andika jina langu, yaishe." Na sisi Wabembe, mtu akikusalimia kwa Kibembe ng'ambo ya ziwa, unasahau kwamba umetoka nchini kwako. Tukaandika jina lake.

Wilondja hakunidhulumu hata siku moja. Alisimamia nyumba vizuri, wageni wakaja, watoto wangu wakasoma. Kisha akaugua ghafla, akafa.

Nilivuka kwenda msibani. Nikiwa jikoni na akina mama, nikasikia kaka zake wakigawana vyumba. Vyumba vyangu! Mmoja anataka baraza afungue baa. Baa, ndugu zangu! Nilitamani kumvunjia mtu sahani kichwani. Nikampigia Baba Riziki simu.

"Uko na karatasi gani?" akaniuliza.

"Sina."

"Basi tuombe tu. Na usipige muntu!"

Nikaomba Mungu awafunge vinywa wale kaka. Hakuwafunga! Walisema mpaka siku ya kuanua matanga, siku ya kumaliza msiba.

Siku hiyo mzee wa ukoo aliuliza, kama ilivyo desturi, kama kuna mtu ambaye kitu chake kilikuwa mikononi mwa marehemu, aseme mbele ya wote. Nikisema, mimi mgeni bila ushahidi, wataniita mwizi wa mali ya yatima. Nikinyamaza, shamba limekwenda na nyumba imekwenda. Nilikuwa bado naita jina la Yesu chini chini, mjane akasimama.

Ni Zawadi, mke wa Wilondja, mwenye watoto wadogo. Nyumba ile ingehesabiwa kuwa ya mumewe, wanawe wangepata fungu. Lakini akasema, "Nyumba ya ziwani ni ya wifi yangu. Marehemu aliniambia tukiwa wawili. Siwezi kulea wanangu kwa kitu cha mtu."

Shemeji yake akafoka, "Unawanyima wanao!"

"Wanangu Mungu atawalisha. Keti."

Kanisa, akaketi! Mzee akasema shauri limekwisha. Nililia mpaka kitenge kikalowa.

Sasa tumefuata ile njia ndefu. Tumesajili kampuni, tumepewa haki ya kutumia ile ardhi kama wawekezaji kutoka nje, kila kitu waziwazi. Zawadi ndiye msimamizi, na faida tunagawana. Si kwa huruma, ndugu zangu. Mtu wa namna hiyo utamtoa wapi?

Namshukuru Mungu. Na leo sikuja peke yangu. Zawadi amevuka pamoja nami, yule pale benchi la mbele. Simama, wifi, kanisa likuone. Na wewe unayelia kwa ajili ya haki yako, unayeona hakuna atakayekusemea, njoo mbele tuombe. Mshike huyu mama mkono, ujue kwamba Yesu ana watu.